Taarifa ya Mweka Hazina

Jumamosi, tarehe sita Juni, baridi ya kukata masikio.
Jiko la gesi tuliliwasha saa moja na nusu asubuhi
mbele ya duka la misumari na rangi.
Upepo wa kusini, uliotoka kwenye barafu
bila kupumzika popote njiani,
ulituzimia moto mara tatu,
mpaka Feleti akasimama katikati,
mgongo mpana kama mlango wa ghala,
akawa anageuza soseji na kunung'unika zaburi ya Kitonga.

Naomba iandikwe:
soseji mia mbili na kumi na nne, dola mbili kila moja,
vitunguu bure,
mkate ulitolewa na Raewyn, ambaye hataki atajwe.
Nimemtaja. Anisamehe.

Hita ya bwawa la shule ni dola elfu kumi na moja.
Watoto wetu wanajifunza kuogelea meno yakigongana.
Haba na haba hujaza kibaba;
aliyeyasema hayo hakuwahi kuketi jikoni saa tano usiku
akipanga senti kumi kumi kwa mafungu
hadi vidole vikanuka shaba.
Soseji elfu tano na mia tano, ndugu wanachama.
Nimepiga hesabu.
Nikaipiga tena, nikitumaini nimekosea.

Makoti: thelathini na moja,
kwa vijana wa Vanuatu wanaopogoa mizabibu huko bondeni,
waliofika na mashati ya jua.
Tamati aliyabeba kwa lori lake.
Yananuka kondoo. Tumeyaanika.

Sasa, jambo la kopo.
Lile la duka la dawa, karibu na peremende za kikohozi.
Kila mwezi nalifungua, na kila mwezi,
katikati ya sarafu, kuna kifungo.
Februari: cha buluu, matundu manne.
Machi: cha pembe, kimepasuka ukingoni.
Aprili: viwili, vimefungwa pamoja kwa uzi mweusi.
Mei: hakuna,
na nilishangaa nilivyosikitika.

Lindsay anasema ni dhihaka, kopo liondolewe.
Mkono mtupu haulambwi, akasema,
na kifungo hakinunui hita.
Sikumjibu.
Daftari langu halina safu ya vifungo.
Nilichora moja, kwa penseli.

Mimi namwona mtu huyo hivi, ingawa simjui:
amesimama kaunta, dawa imemaliza noti yake,
nyuma yake foleni, mbele yake kopo na picha ya watoto,
mkono umeingia mfukoni
na haukubali kutoka hivi hivi.

Makoti matatu hayakuwa na kifungo cha shingoni.
Noeline, miaka themanini na mitatu, jicho moja lenye ukungu,
alitunga uzi jaribio la nne,
akaniambia, bila kuinua kichwa, Lete chupa yako ya jamu.
Nilidhani nimeificha.

Rangi hazikupatana. Hakuna aliyejali.
Kijana mmoja, Kalmet, alifunga koti la kahawia mpaka kidevuni,
buluu ikakaa kooni kama jicho la ndege,
akajitazama kwenye kioo cha lori,
akatoka nje kwenye upepo
kuona kama ni kweli.

Hoja: kopo libaki palepale.
Walioafiki, saba.
Mkono wa Lindsay ulipanda mwisho;
anadai alikuwa anajikuna.
Katibu ameandika nane.

Salio la hita: bado dola elfu sita mia tatu na tisa.
Salio la vifungo: kimoja, cha pembe,
chenye ufa.
Kopo litafunguliwa tena tarehe mosi Julai,
nami nitakuwa pale kabla duka halijafunguliwa.

Aliyebaki na ufunguo wa ghala aurudishe.
Mtungi wa gesi umekwisha.